Atungaye Sheria za Gereza Amwulize Nani?



Kuna maswali ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hucheka, na akiyafikiri usiku hukosa usingizi. Moja ni hili: serikali ikitaka kutunga sheria za magereza, yaani namna ya kuwalaza wafungwa, kuwalisha, kuwatibu, kuwaadhibu na kuwarudisha kwao, je, yapaswa kuwauliza kwanza watu wa makabila walikotoka wafungwa hao? Au yatosha kuwauliza mahakimu, waganga na wakubwa wa askari?

Wako watakaojibu upesi: "Tangu lini mwizi akaulizwa unene wa kamba?" Jibu hilo ni kali, lakini halikati neno. Kwani hatukuuliza kama mwizi afungwe au asifungwe. Aliyekosa apewe adhabu ya haki, hilo twalikubali sote. Twauliza ni nani ajuaye adhabu ile itafanya nini ndani ya mtu na ndani ya ukoo wake. Wazee walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tutazame nchi moja ambako swali hili limelipiwa kwa maisha ya watu. Nchi hiyo ni Australia.

Mambo yaliyotokea huko

Waingereza walipofika kukaa Australia, mwaka wa 1788, walikuta watu. Watu hao, ambao siku hizi huitwa Waaborijini, walikuwa wamekaa huko kwa maelfu mengi ya miaka. Hawakuwa kabila moja. Lugha zao zilipita 250, na kila watu walikuwa na nchi yao, sheria zao na wazee wao. Adhabu walikuwa nazo: mkosaji aliaibishwa mbele ya watu, au alilipishwa, au alichomwa mkuki wa paja, au alifukuzwa. Lakini nyumba ya kumfungia mtu miezi na miaka, mbali na jamaa yake, hawakuwa nayo.

Gereza lilikuja na wageni, na wenyeji hawakuulizwa. Mwaka wa 1838 kisiwa kimoja cha magharibi, ambacho wenyeji hukiita Wadjemup na wageni wakakiita Rottnest, kilifanywa gereza la Waaborijini. Karibu watu 4,000, wanaume na vijana, walipelekwa huko, wengine wakitoka mbali sana. Zaidi ya 370 walifia kisiwani. Gereza lile lilifungwa kwa amri mwaka wa 1904, lakini wafungwa waliendelea kufanyishwa kazi huko hata mwaka wa 1931.

Miaka ikapita, magereza yakajengwa upya kwa saruji na chuma, lakini desturi ya kutouliza ikabaki. Baada ya mwaka wa 1980 vifo vya Waaborijini mikononi mwa polisi na magerezani vilizidi kuwatia watu uchungu, hata jamaa za marehemu wakapaza sauti wakitaka kujua sababu. Mwaka wa 1987 serikali ikaweka tume kubwa ya kuchunguza. Tume ile ilichunguza vifo 99, kimoja kimoja, vilivyotokea kati ya mwaka wa 1980 na 1989. Wanaume walikuwa 88 na wanawake 11. Mikononi mwa polisi walikufa 63, magerezani 33, na katika nyumba za kuwazuilia watoto 3. Sisi hatutawataja marehemu hao kwa majina, kwani katika makabila mengi ya huko si heshima kulitaja ovyo jina la aliyekufa.

Mwaka wa 1991 tume ilimaliza kazi yake, ikatoa mashauri 339. Iliona nini? Tushike mambo matatu tu.

La kwanza: tume haikuona kwamba watu wale waliuawa kwa kusudi. Iliona zaidi uzembe, macho yasiyotazama, na wakubwa wasiojua kwamba amfungaye mtu amejitwika uhai wake.

La pili: Waaborijini walio kifungoni hawakufa upesi kuliko Wazungu walio kifungoni. Walikufa wengi kwa sababu walifungwa wengi, kupita kabisa hesabu yao katika nchi.

La tatu: katika wale 99, watu 43 walikuwa wametengwa na wazazi wao wangali watoto, kwa mkono wa serikali, wa misioni, au wa vyama vingine.

Upendo usiouliza

Neno hili "misioni" tusilipite upesi kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Wengi katika wale waliowachukua watoto walidhani wanatenda mema. Waliwapa nguo safi, kitanda, shule na sala. Lakini hawakuwauliza mama zao. Na mtoto aliyeondolewa mikononi mwa mama pasipo neno la mama, hata akipewa sahani ya fedha, amenyang'anywa kitu ambacho hakuna mtu mwingine awezaye kumrudishia.

Hapa ndipo tunaliona shina la jambo lote. Watu hufikiri kwamba nia njema yatosha. La, haitoshi. Nia njema humwambia mtu aende upande gani, lakini haimwonyeshi mashimo ya njiani. Mashimo yanajulikana na watu wakaao mahali pale. Amtakiaye mwenzake mema pasipo kumwuliza, mara nyingi humfanyia yale ambayo yeye mwenyewe angependa kufanyiwa, akasahau kwamba mwenzake si yeye.

Kumwuliza mtu, basi, si adabu ya nje tu kama kuvua kofia. Ni kukiri mambo mawili: kwamba yeye ana akili, na kwamba mimi sijui yote. Asiyeuliza amekana yote mawili, hata kama sauti yake ni ya upole.

Mama ni nani?

Tutoe mfano ambao wasomaji wetu watauelewa mara moja. Magereza mengi ya Wazungu yalikuwa na desturi hii: mfungwa akifiwa na baba, mama, ndugu, mke au mtoto, aweza kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Desturi nzuri. Lakini mkubwa wa gereza akiisoma, anafikiri ukoo kama alivyoufahamu kwao: baba mmoja, mama mmoja, ndugu wa tumbo moja.

Kwa Waaborijini wengi, dada ya mama ni mama. Ndugu ya baba ni baba. Watoto wao ni kaka na dada, wala si "watu wa jamaa ya mbali". Kuna pia mazishi ambayo mtu fulani ana kazi yake ya lazima, na asipofika, aibu yake haiishi. Sasa mfungwa anasema: "Mama yangu amekufa." Karani anatazama karatasi yake, anajibu: "Mama yako aliandikwa kuwa amekufa miaka mitano iliyopita. Wewe ni mwongo." Mfungwa ananyamaza, anarudi chumbani mwake.

Sisi tulio na mama mkubwa na mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo, hatuhitaji kuelezwa uchungu wa mtu yule. Lakini karani hakuwa mtu mbaya! Alifuata karatasi. Kosa lilikuwa kwa yule aliyeitunga karatasi pasipo kuuliza: "Kwenu, mama ni nani?" Tume ya mwaka 1991 iliwaza jambo hilo, ikashauri magereza yatambue ukoo mpana wa Waaborijini, na wanapoomba kwenda mazishini wapokelewe kwa moyo mwepesi.

Mfano wa pili. Askari akimwona mfungwa amefadhaika sana, anaogopa asije akajidhuru. Afanye nini? Mara nyingi alimtia peke yake katika chumba kitupu. Yeye alidhani anamlinda. Lakini kwa mtu aliyelelewa katikati ya watu, aliyekula na kulala kati ya jamaa tangu kuzaliwa, upweke ule ndio adhabu iliyo nzito kupita zote. Wazee wake wangeulizwa, wangesema: "Msimwache peke yake. Mwekeni pamoja na ndugu yake, au mwiteni mmoja wetu aketi naye." Ndivyo tume yenyewe ilivyoshauri: Mwaborijini asiwekwe peke yake katika chumba cha polisi, isipokuwa kuna sababu kubwa ya kuamini kwamba kukaa na mwenzake kutamdhuru.

Mwaona basi: jambo moja lile lile, kwa huyu ni ulinzi, kwa yule ni hatari. Na tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mkaguzi. Husikika tu, kwa yule anayetega sikio.

Wanaopinga husema nini?

Watu wenye akili wamelipinga neno hili, na yafaa tuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza asema: "Sheria ni moja kwa wote. Ukiwauliza hawa na kuwapa desturi zao, umewafanya watu wa namna mbili." Tunajibu: haki ni moja, lakini kipimo kile kile hakizai haki ile ile kwa kila mtu. Mganga ana nia moja kwa wagonjwa wote, yaani wapone. Je, atawapa wote dawa moja? Kama sheria yasema kila mfungwa aweza kumzika mama yake, basi Mwaborijini amzike mama yake kweli. Huko si kumwongezea. Ni kumpa kile ambacho wengine wamekwisha kupewa.

Wa pili asema: "Mwenye hatia amepoteza haki ya kutoa shauri." Tunajibu: aliyepoteza uhuru wake hakupoteza ubinadamu wake. Tena, hatusemi juu yake peke yake. Mama yake hakuiba. Watoto wake hawakupiga mtu. Hata hivyo gereza likiwa umbali wa kilometa elfu mbili na nyumbani, wao pia wamefungwa, maana hawamwoni. Na siku ya kufunguliwa, yule mtu hatarudi kwa waziri wala kwa mkubwa wa askari. Atarudi kijijini, kwa watu wake. Ikiwa gereza limemharibu, ni wao watakaobeba mzigo. Basi abebaye mzigo asiulize umefungwaje?

Wa tatu asema: "Kuuliza kwachelewesha kazi, wenye elimu wajua." Tunajibu: ni kweli, kuuliza huchukua siku nyingi. Lakini hesabuni pia siku zinazopotea kwa kubomoa kilichojengwa vibaya. Tena elimu haishindani na ushauri. Mwenye elimu ajua kujenga ukuta. Mwenyeji ajua upepo hutoka wapi.

Ushauri wa kweli na ushauri wa uongo

Lakini tusidanganyike. Si kila mkutano ni ushauri. Mkubwa anaweza kuwaita wazee, akawapa chai, akawasomea amri iliyokwisha kupigwa mhuri, kisha akaandika: "Wazee wameulizwa." Huo ni mchezo. Mtu aulizwaye baada ya neno kukatwa hakuulizwa. Ameitwa kuwa shahidi wa kudharauliwa kwake mwenyewe.

Tume ya Australia ililijua hilo. Katika mashauri yake, la 188 lilitaka serikali zipatane na watu wa Waaborijini na vyama vyao juu ya namna ya kutunga na kutimiza mipango inayowahusu. Kupatana si kuarifu. Penye kupatana, huenda mkubwa akaondoka na neno ambalo hakuja nalo.

Ushauri wa kweli wapaswa, basi, kuwa na alama hizi. Uje mapema, kabla kalamu haijakauka. Uwafikie watu wanaostahili: makabila ni mengi, wala mzee wa pwani hawezi kusema kwa ajili ya watu wa jangwani, na kwa kuwa kuna mambo ya wanaume na mambo ya wanawake, ambayo hayachanganywi, waitwe wote wawili, kila mmoja kwa nafasi yake. Usemwe kwa lugha wanayoielewa vizuri. Na mwisho, walioulizwa warudishiwe jibu: neno lao lipi limefuatwa, lipi halikufuatwa, na kwa nini.

Je, jambo hili lawezekana? Lawezekana. Katika mji wa Derby, kaskazini-magharibi ya Australia, gereza jipya lilifunguliwa mwaka wa 2012 kwa watu 150. Kabla yake, wafungwa wengi wa eneo lile la Kimberley walipelekwa mbali, hata Perth, zaidi ya kilometa 2,000. Safari hii watu wa Kimberley waliulizwa. Ndipo pakajengwa nyumba ndogo ndogo, wafungwa wajipikie, wajifulie, wakae kwa kufuata ukoo na lugha zao. Huko Western Australia pia, ofisi ya mkaguzi wa magereza ilitoa mwaka wa 2008 vipimo vya ukaguzi kwa ajili ya wafungwa Waaborijini, ili mkaguzi asitazame kufuli na sahani tu, bali pia kama mtu ameachiwa ukoo wake na heshima yake.

Swali lililobaki

Hata hivyo hatuwezi kumaliza hapa kwa furaha. Mwaka wa 1991, tume ilipotoa mashauri yake, Waaborijini walikuwa kama 14 katika kila wafungwa 100 wa Australia. Mwaka wa 2023, wao pamoja na ndugu zao wa visiwa vya Torres Strait walikuwa karibu 33 katika 100, nao katika nchi nzima hawafiki watu 4 katika 100. Na tangu 1991, watu wao zaidi ya 500 wamekufa kifungoni.

Imekuwaje? Mashauri yaliandikwa, mengine yakatimizwa, na hesabu ikapanda. Sisi twaona sababu moja iliyo kubwa: mara nyingi watu waliulizwa juu ya gereza, lakini hawakuulizwa juu ya njia iendayo gerezani.

Tutoe habari moja ya huzuni. Mwaka wa 1997 katika Northern Territory ilitungwa sheria iliyomfunga hakimu mikono: kijana wa miaka 15 aliyewahi kuhukumiwa kwa wizi, akirudia, ilikuwa lazima afungwe siku 28, hata kitu chenyewe kikiwa kidogo. Mwezi wa Februari mwaka wa 2000, kijana yatima wa miaka 15 kutoka kisiwa cha Groote Eylandt alikuwa amefungwa Darwin, mbali na watu wake, kwa sababu ya kalamu na rangi. Zilipobaki siku chache afunguliwe, alijitoa uhai. Sheria ile iliondolewa mwaka wa 2001. Kwa kijana yule, ilikuwa imechelewa.

Sasa fikirini. Hata chumba chake kingalipangwa vizuri namna gani, je, wazee wa kisiwa kile wangaliulizwa wakati sheria inatungwa, wangalisema mtoto asiye na baba wala mama apelekwe ng'ambo ya bahari kwa ajili ya kalamu? Wao walikuwa na njia nyingine za kumrudi mtoto. Hawakuzikosa, waliozikosa ni watunga sheria.

Kwa hiyo twasema: kuuliza juu ya vitanda vya gereza ni vema, lakini ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuuliza juu ya sheria, polisi na mahakama. Wengine wameanza. Mwaka wa 1999, huko Port Adelaide, hakimu alianza kukaa na mzee wa Waaborijini wakati wa kumhukumu mtu wao. Mzee hunena, mkosaji husikia lugha ya nyumbani, na aibu yamshika kuliko minyororo. Na mwaka wa 2020 serikali za Australia zilipatana na vyama vya wenyeji kupunguza kiasi cha watu wazima wao waliofungwa, kwa 15 katika 100, kabla mwaka wa 2031 haujaisha. Mapatano ni mbegu tu. Mvunaji atazamwe siku ya mavuno.

Na sisi?

Ndugu msomaji, huenda wasema: "Mimi si waziri, wala sina gereza." Ni kweli. Lakini una watoto unaowatungia sheria nyumbani. Una wanafunzi darasani, au wafanyakazi, au watu wa chama chako parokiani. Kila mwenye mamlaka, hata ndogo, hufunga na kufungua. Kabla hujakata neno, umemwuliza yule ambaye neno litamwangukia? Au umewauliza tu wale wanaofanana nawe, ambao jibu lao ulilijua kabla?

Kuuliza hakupunguzi mamlaka ya mtu. Baba amsikilizaye mwanawe hajawa mtoto, na mkubwa aketiye na wazee hajawa mdogo. Mtoto akikosa, muadhibu kwa haki. Lakini kwanza keti, umsikilize, na aliye karibu naye umsikilize pia. Adhabu isiyotanguliwa na sikio hugonga mahali isipopajua, na majuto yake humpata aliyepiga na aliyepigwa.